Hajitumi

Baba yangu alianguka Jumanne moja ya mwezi wa saba, kwenye shamba la viazi, asubuhi ambayo umande ulikuwa bado umeganda juu ya majani. Aliyemwona wa kwanza ni mtoto wa jirani aliyekuwa anapeleka ng'ombe malishoni. Anasema alimkuta mzee amekaa chini, ameshika jembe kwa mkono wa kushoto, anacheka upande mmoja. Hakuwa anacheka. Mdomo ndio ulikuwa umekwenda upande.

Bahati yetu tunakaa karibu na Ikonda. Watu wanatoka Songea, Mbeya, hata Dar es Salaam, wanasafiri usiku kucha kuja kwenye ile hospitali ya wamisionari wa Consolata huku milimani Makete, na sisi paa zake tunaziona tukiwa tunapalilia. Kabla ya saa sita mchana Baba alishapigwa picha ya kichwa. Mshipa ulikuwa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno, vyote vikaenda kwa pamoja.

Miaka mitatu kabla yake, Baba Mkubwa alipata kiharusi hichohicho Makambako, dukani kwake, akiwa anahesabu hela za jioni. Upande uleule, mkono uleule. Hawa ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja, wamekuzwa kwa ugali mmoja na baadaye wakaburudishwa na ulanzi mmoja. Baada ya miezi minne Baba Mkubwa alikuwa anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Mwaka ulipoisha alirudi dukani. Baba yangu, huu ni mwaka wa pili sasa, yuko kwenye kiti cha uvivu karibu na dirisha (jina lenyewe la kiti linamsengenya), mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike.

Basi neno likazaliwa. Nadhani aliyelisema kwanza ni Shangazi, akiwa jikoni, kwa sauti ya mtu anayedhani haisikiki sebuleni. "Huyu kaka yangu hajitumi."

Kujituma ni neno tunalolipenda mno. Liko kwenye ripoti za shule, liko kwenye matangazo ya kazi. Na sisi Wakinga ndio usiseme. Tunajisifu kwamba mtoto wetu huondoka nyumbani na mtaji wa gunia la viazi, baada ya miaka kumi ukimtafuta unamkuta na duka Makambako, au Mbeya, au Kariakoo. Mtu maskini tunamvumilia. Mtu asiyejituma hatuna pa kumweka. Kwa hiyo Shangazi aliposema lile neno hakuwa anatoa maoni ya kitabibu, alikuwa anatoa hukumu, na nyumba nzima ikaipokea, kuanzia wapwa zangu hadi majirani wanaokuja kusema kamwene na kuchungulia dirishani.

Na mimi nikaipokea. Nilikwenda likizo ya Desemba nikamkuta na kile kimpira alichopewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, cha kuminya mara hamsini asubuhi na hamsini jioni. Anakiminya mara mbili, kinadondoka, anakitazama. Siku ya tatu nikashindwa. "Baba, jitume basi. Mbona Baba Mkubwa aliweza?" Wakati ule alikuwa amebakiwa na maneno matatu: ndiyo, hapana, na jina la mama. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Ndiyo."

Swali ninalotaka kuliuliza hapa, ndugu msomaji, linatoka kwenye ile "ndiyo". Mtu akishindwa kupona, anaweza kulaumiwa?

Kazi yangu ni uandishi wa habari, na mwandishi akiudhika husoma. Niliporudi Dar nilianza kusoma juu ya kiharusi, na nakiri kwamba mwanzoni nilisoma kwa nia mbaya: nilitaka ushahidi wa kwenda kumwonyesha Baba kwamba mazoezi yanasaidia. (Yanasaidia kweli, hilo halina ubishi.) Nikakuta mambo mengine.

Kwanza nikakuta kwamba wataalamu wanauliza maswali mawili ambayo nyumbani tunayachanganya. Nani anapata kiharusi? Nani anapona? Hayana jibu moja.

Kwenye lile la kwanza, kazi maarufu kwa hapa nchini ni ile iliyofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 wilayani Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam, ambapo wagonjwa walitafutwa hadi majumbani badala ya kusubiriwa hospitalini. Baada ya kuweka sawa tofauti za umri, Hai ilipata wagonjwa wapya kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar ilipata 316. Kilichonishangaza zaidi ni utafiti mwingine wa maeneo hayohayo, uliotoka mwaka 2008, uliowauliza watu kiharusi kinaletwa na nini. Mimi ningetabiri kwamba majini yako kijijini. Kumbe ni watu wa Dar ndio waliotaja sana mashetani na kurogwa, wakati Hai walisema presha, mafuta na mawazo. Wala sina haki ya kuwacheka watu wa Dar. Baba Mkubwa alipoanguka, Makambako walinong'ona kwamba ni kafara ya biashara imemrudia. Mkinga akipata hela watu huuliza amemtoa nani, akianguka, wanajijibu.

Halafu vinasaba. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapa utafiti uliounganisha vinasaba vya wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 110,000 na vya watu wengine milioni moja na nusu kutoka mabara mbalimbali. Zikapatikana sehemu 89 zinazohusiana na hatari ya kiharusi, 61 kati yake hazikuwa zimejulikana kabla. Ukisikia hivyo unadhani siri imefichuka. Lakini kila sehemu inaongeza uzito mdogo sana, kama kokoto moja kwenye gunia la viazi, na nyingi zinapita katika njia ileile ya presha.

Wenzetu wa Nigeria na Ghana waliuliza kwa namna nyingine. Utafiti wao uitwao SIREN, ukiongozwa na Profesa Mayowa Owolabi wa Ibadan pamoja na wenzake, ulilinganisha wagonjwa 2,118 na watu wengine idadi hiyohiyo wasio na kiharusi. Matokeo ya mwaka 2018 yalisema mambo 11 yanayoweza kubadilishwa yanabeba asilimia 98 ya hatari: presha mbele ya yote, kisha mafuta kwenye damu, kisukari, kitambi, chumvi ya kuongeza mezani, kukosa mboga za majani, na mengine ya aina hiyo. Msomaji wa haraka atasema basi vinasaba vimeachiwa asilimia mbili. Hesabu haiendi hivyo, kwa sababu presha yenyewe kwa sehemu hurithiwa, kisukari vilevile. Jambo moja linaweza kuwa la ukoo na bado likatulizwa na kidonge.

Na hapa simsafishi Baba. Alijua ana presha. Alipewa amlodipini, akameza mwezi mmoja, akajisikia vizuri, akaacha, maana huku kwetu dawa ni ya mgonjwa na yeye hakuwa anaumwa. Ukitaka kumlaumu kwa kuanguka, una pa kushika. Ila unilaumu na mimi niliyekuwa na simu mkononi miaka yote hiyo na sikuwahi hata siku moja kumuuliza kama anameza.

Swali la pili ndilo lililoninyamazisha. Mwaka 2019, kwenye jarida la Cell, watafiti wa Los Angeles na Tel Aviv waliandika juu ya jeni inayoitwa CCR5. Msomaji wa Njombe anaifahamu hata kama hajui jina lake: jeni hiyo inatengeneza mojawapo ya malango ambayo virusi vya UKIMWI huyatumia kuingia kwenye seli. Wapo watu, hasa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, waliorithi lango bovu, na ubovu huo huwakinga. Watafiti wakagundua kwamba ubongo wa panya ukipigwa na kiharusi, seli zake huanza kuweka malango haya kwa wingi, na kazi ya kuunganisha upya nyuzi zilizokatika inadorora. Lango likizuiwa, panya anapata nafuu haraka zaidi. Wakaangalia wagonjwa 446 wa Tel Aviv. Waliorithi lango bovu walikuwa wamerudi vizuri zaidi kuliko wenzao, viungo na akili. Na ipo dawa, maraviroki, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa ajili ya UKIMWI, ambayo hulizuia lango hilohilo. Kanada wameanza kuijaribu kwa wagonjwa wa kiharusi wakiwa kwenye mazoezi.

Nilisoma hayo nikawaza nyumbani. Njombe ndiyo mkoa uliokuwa juu nchini kwa maambukizi ya virusi: asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011–12, na 12.7 katika ule wa 2022–23. Nimekua Makete nikiona nyumba zenye bibi na wajukuu, katikati hakuna mtu. Lango lililopitisha msiba ule ndilo leo linachunguzwa kwa ajili ya mkono wa mtu kama Baba.

Sitaki kumdanganya mtu. Huku Afrika lile lango bovu karibu halipo kabisa, kwa hiyo silo lililomwinua Baba Mkubwa. Ndugu wa tumbo moja hugawana kwa wastani nusu ya vinasaba, hiyo nusu nyingine inatosha kuleta tofauti nyingi. Tena inawezekana tofauti yao haikuwa ya vinasaba hata kidogo: labda mshipa ulioziba kwa Baba ulikuwa mkubwa zaidi, au alichelewa zaidi kuonekana. Utafiti ule haukunipa sababu ya ndugu wawili. Ulichonipa ni kunionyesha kwamba chini ya kujituma kuna kitu kingine kinachofanya kazi, ambacho mtu hakukichagua na wala hakioni.

Nikakuta na jambo jingine, lisilohitaji maabara. Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi hupata sonona. Wengine hupatwa na hali ambayo madaktari huieleza kama kukosa ari: hana huzuni, hana maumivu, ila ile cheche ya kuanza jambo haiwaki, kwa sababu sehemu za ubongo zinazoiwasha zimeumia. Hebu lifikirie hilo. Ari ya kukiminya kile kimpira inatengenezwa kwenye ubongo uleule uliopigwa. Tunapomwambia mgonjwa jitume, tunamwagiza achote maji kwa ndoo iliyotoboka, halafu tunamsema kwa kurudi na maji kidogo.

Wanafalsafa wana jina la fumbo hili. Mwaka 1976 Mwingereza Bernard Williams, na Mmarekani Thomas Nagel, walijadiliana juu ya kile kinachoitwa bahati ya kimaadili: tunawasifu na kuwalaumu watu kwa mambo ambayo, ukiyachunguza, bahati imeshika sehemu kubwa. Nagel alihesabu humo hata jinsi mtu alivyoumbwa, tabia yake na uwezo wake. Mama hajasoma Nagel. Yeye husema "hakujaliwa", akaendelea kumlisha uji.

Nilidhani nimemaliza kazi. Nikapita Makambako nikamweleza Baba Mkubwa yote haya, kwa furaha ya mtu aliyeleta habari njema. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo mwanangu unasema mimi sikujituma?"

"Sijasema hivyo, Baba Mkubwa."

"Umesema. Mimi niliamka saa kumi na moja kila siku. Mama yako mkubwa shahidi. Nilikiminya kile kimpira mpaka kikapasuka, nikanunua kingine. Nimelia hapa ndani kama mtoto. Leo unaniambia ni vinasaba."

Sikuwa na jibu, na nikiri kwamba hadi leo sina jibu zuri. Ana haki. Nikimwondolea Baba lawama kwa kusema kupona hakuko mikononi mwa mtu, nimemnyang'anya na Baba Mkubwa zile asubuhi zake. Mizani ni moja. Ukitaka mantiki iwe safi, ama wote wawili wana stahili yao au hakuna mwenye stahili.

Mimi nimeamua kuwa na mizani mbovu. Baba Mkubwa nitamsifu, Baba sitamlaumu. Najua mwalimu wangu wa mantiki pale chuo angenipa sifuri. Lakini sifa na lawama si pande mbili za sarafu moja, hata kama zinafanana. Sifa ya Baba Mkubwa haimchukulii mtu kitu. Lawama ya Baba inamchukulia: watu wakishaamini kwamba hajitumi, wanaacha kumpeleka kwenye mazoezi, wanaacha kuongea naye, kwa nini wapoteze muda na mvivu? Na yeye, kwa maneno yake matatu, hawezi kujitetea. Ninaona vibaya kumhukumu mtu kwenye kesi ambayo ugonjwa umemnyang'anya mdomo. Mambo yenyewe hatuyajui: jana usiku alijaribu mara ngapi kuinua kile kidole watu tukiwa tumelala?

Wapenzi wa vitabu watamkumbuka Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle kule Paris. Alipata kiharusi Desemba 1995, akabaki na kope moja ya jicho la kushoto. Mtu alikuwa anamsomea herufi mojamoja, yeye anapepesa kwenye herufi anayoitaka, mpaka kikatoka kitabu mwaka 1997. Alifariki siku chache tu baada ya kuchapwa. Mwili wake haukupona, na hakuna anayesema Bauby hakujituma, kwa sababu tumesoma kilichokuwa ndani. Baba hajapata mtu wa kumsomea herufi. Nasema hivyo nikijijua kwamba mtu huyo angeweza kuwa mimi.

Kuna hatari nyingine ambayo sikuifikiria mpaka iliponigonga. Nilimweleza Shangazi habari za vinasaba ili aache lile neno lake. Akaliacha kweli, kwa mwezi mmoja, akaokota jingine. "Kumbe ni damu yetu." Mdogo wangu wa kike ana mchumba. Wazee wa pale kwetu wakitaka kuposa huulizia ukoo: kuna kifafa? kuna wazimu? Sasa wameongezewa swali, na mimi mwenyewe ndiye niliyewapa. Kurogwa kulikuwa na mchawi mmoja. Damu inashika nyumba nzima.

Kwa hilo ninampeleka Shangazi Mwanza. Selimundu ni ugonjwa wa kurithi kabisa, hauna mjadala, na ni kati ya sababu kubwa za kiharusi kwa watoto. Kabla ya kuwapo kinga, utafiti wa Marekani ulikuta kama mtoto 1 kati ya 9 mwenye selimundu kali hupata kiharusi kabla hajafika miaka 20. Huku kwetu kwenye baridi, ambako mbu wa malaria hakuwahi kustawi, haujulikani sana. Kanda ya Ziwa wanaujua vizuri. Hospitali ya Bugando watoto walipimwa kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na wale ambao damu ilikuwa inakwenda mbio mno wakapewa haidroksiyurea. Kasi ikashuka. Ni damu yao, ndiyo, wameirithi kwa baba na mama, na bado kulikuwa na la kufanya. Mimi mwenyewe nilipimwa presha nikiwa na miaka 34, nikakutwa na 150 juu ya 95. Nameza. Mdogo wangu nimemwambia apime, na mchumba naye apime.

Mama ndiye aliyeuliza swali ambalo sikulitegemea. Nilimwambia kwamba katika tafiti kubwa za vinasaba duniani, asilimia kama 86 ya waliotoa damu ni watu wenye asili ya Ulaya, na Waafrika ni kama asilimia 1. Nikamuuliza, wakija hapa Ikonda kesho na sindano, ungetoa yako? Alikuwa anamenya viazi. "Wakishaichukua, watarudi kutuambia walichokiona?" Nikasema wanatakiwa. "Na hiyo dawa ikipatikana, itafika hapa?" Nikasema sijui, Mama. Akafikiri, akasema angetoa, ila angeandika jina la Baba kwenye chupa, ili wajue ni kwa ajili ya nani.

Nimerudi mara ya mwisho mwezi wa nne. Nilijiapiza nisikitaje kimpira. Nilikaa naye dirishani asubuhi nzima, ukungu unapanda kutoka bondeni, ananitazama, ananiacha. Kama saa nne hivi aliinua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole kuelekea shambani. Mdomo ukahangaika. Nilitaka kumsaidia neno nikajizuia.

"Viazi," akasema.

Nikageuka kuangalia. Matuta mawili ya mwisho yalikuwa hayajavunwa, majani yameshakauka. Akarudia, safari hii kwa hasira kidogo, kama alivyokuwa anatuamsha zamani. Nikaenda kuchukua jembe.